Hamira Ikishaamka

Siku ile mwenzake Sikudhani hakuwepo mezani, na Hidaya alishona kidole gumba cha glavu kwa mkono wake peke yake.

Alianza mapema, kabla jua halijafika kwenye madirisha ya juu ya karakana. Mara ya kwanza sindano ilikwenda asikoituma, akafumua. Mara ya pili uzi ulijisokota, akafumua tena. Mara ya tatu mshono ulikaa, lakini alipouleta chini ya taa aliona michomo imeanza mikubwa ikaishia midogo, imebanana mwishoni kama siafu mlangoni. Akajiambia ni uchovu. Juzi tu alishona kidole kama hiki, na kilinyooka hadi akafurahi mwenyewe.

Glavu zile hazikuwa za baridi wala za kuoshea vyombo. Zilivaliwa na mafundi wa kituo cha juu, wale waliotoka nje kukaza na kuchomelea huko ambako hakuna hewa. Karakana ilikuwa Tanga, upande wa Pongwe, nyuma ya uwanja wa kurushia vyombo vya angani, na kila chombo kiliporuka vikombe vya chai vilicheza juu ya meza na wanawake waliinua sindano zao wakangoja. Glavu moja ilikuwa na matabaka matano. La pili kutoka ndani lilikuwa jembamba kama ngozi ya kitunguu, na ndilo lililoshika hewa. Mashine zilijaribiwa zikashindwa, kwa sababu mashine husukuma sindano kwa nguvu ileile kila mara, na tabaka lile halitaki hivyo. Kidole cha mtu hulihisi likikataa kidogo, kikasimama. Kwa hiyo wa kwanza kuitwa walikuwa washonaji wa kofia za viua, waliozoea kutoboa vitundu maelfu bila kuchana kitambaa. Hidaya na Sikudhani walifundishwa na bibi mmoja, kwenye jamvi moja, na mkono wao ulikuwa mmoja. Ukiweka kazi zao pamoja, hata wao wenyewe walibishana.

Kila mshonaji alikuwa na subana yake, kile kikofia cha chuma cha kukingia kidole. Subana za karakana zilikuwa na akili. Meza haikufungua glavu ila kwa subana ya mwenye glavu, na subana ilipima kila mchomo, umetua wapi na mkono umetikisika kiasi gani. Mshono ukifumuliwa, vipimo vyake vilifutika, maana glavu hubeba mishono iliyobaki tu. Kuvaa subana ya mwenzio lilikuwa kosa la kutolewa siku hiyohiyo, na hakuna aliyeliona kuwa ni ukali. Mtu aliyeko huko juu ana haki ya kujua ni mkono wa nani unaomshikia pumzi.

Bwana Mhina, msimamizi, aliichukua glavu ya Hidaya akaipeleka kwenye jaribio la hewa. Kwa kawaida alisoma matokeo kwa sauti, karakana nzima ikasikia. Leo alitazama, akanyamaza, akaifunika glavu kwa kitambaa kabla ya kuiweka kwenye sinia la zilizokataliwa. Alipopita nyuma ya kiti cha Hidaya alimwambia kwa sauti ya chini kuwa joto ni kali, apumzike kidogo. Hidaya alimshukuru moyoni kwa kile kitambaa.

Ndipo simu ikaita. Alikuwa Daktari Shelukindo, na hakusalimu.

"Bi Hidaya, inua mikono yote miwili juu. Inapanda sawa?"

Hidaya aliinua, simu ikiwa mezani, wenzake wakimtazama kama mtu aliyesimamishwa darasani.

"Inapanda, daktari."

"Kaa hapohapo, usitembee. Gari linakuja kukuchukua."

*

Kliniki ilikuwa Bombo, ghorofa ya pili. Muuguzi aliyempokea aliona jinsi mguu wake wa kulia unavyoburuta kwenye ngazi, naye akapunguza mwendo wake mwenyewe, akajifanya anatafuta kitu mfukoni, ili mama mtu mzima asione kuwa anangojwa.

Daktari Shelukindo alikuwa msichana mrefu mwenye sauti ya Kisambaa, na leo sauti ile ilikwenda haraka. Alimwambia Hidaya atabasamu. Akamwambia afumbe macho, anyooshe mikono, agonge kidole cha shahada na gumba mara nyingi, haraka, upana wote. Hidaya aligonga. Kidole kilianza kufunguka vizuri, halafu kikafunguka nusu, halafu robo, mwisho kikawa kinatetemeka tu mahali pamoja. Kisha daktari akaketi na kushusha pumzi.

"Si kiharusi," alisema. "Nilidhani ni kiharusi."

Akaugeuza ukuta wa kioo ili Hidaya aone. Tangu alipogunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, miaka miwili iliyopita, subana yake ilikuwa ikituma vipimo huku kliniki kwa ridhaa yake. Vipimo vilichorwa mstari. Mstari ule ulikuwa umelala tangu baada ya Ramadhani, umetulia kama maji ndani ya ndoo. Leo asubuhi ulianguka hadi chini.

Ugonjwa wenyewe Hidaya aliuelewa vizuri, alikwisha kuelezwa. Ndani ya ubongo kuna mahali panapotengeneza kitu kinachoulainisha mwili, unapotaka kuinuka ukainuka. Kwake mahali pale palikuwa panakufa polepole. Zamani watu walimeza vidonge vya kukifidia, asubuhi, mchana na jioni, wakiwa wazima saa hii na wagumu saa inayofuata. Sasa kulikuwa na chachu tiba, na wagonjwa wote waliiita hamira. Ilikuwa hamira kweli, kitu hai, kimeoteshwa kutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe. Unakunywa mara moja. Inakaa tumboni, inakula unachokula, inapika dawa usiku na mchana. Hukumbuki kidonge wala saa.

Ila mwili wa mtu ni kama mwenye nyumba. Mgeni huyu unamkaribisha kwa miaka, halafu siku moja unamtambua kuwa si ndugu, unamtoa, na wa namna yake haingii tena. Hamira laini ilidumu miaka kumi au zaidi. Hamira kali ilidumu mitano, tena iliwafanya baadhi ya watu wachezecheze viungo bila kutaka. Kali walipewa wale ambao ugonjwa wao unakimbia, maana laini isingewafikia. Baada ya hapo hurudi vidonge, na kupanda na kushuka kwake.

Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza kama atakunywa. Kila mtu alijiuliza lini. Ukiwahi, unachoma miaka ambayo ungejikongoja mwenyewe. Ukichelewa, unaanguka bafuni na nyonga imevunjika hamira ikiwa bado kwenye jokofu la kliniki.

Hidaya alikwisha kupanga lake. Binti yake Zaina alikuwa na mimba ya miezi saba. Hidaya alitaka kungoja hadi mtoto awe na akili ya kukumbuka, ndipo anywe, ili miaka yake mizuri iwe ile ambayo mjukuu atakuja kuisimulia. Mtoto akumbuke bibi aliyesimama. Na mstari ule uliolala ulimwambia kila mwezi kuwa anaweza kungoja.

Daktari alieleza kuwa mashine ya kliniki, ilipouona mstari ukianguka, ilihesabu kuwa ugonjwa umeanza kukimbia. Haikungoja mtu. Ilikwisha kuiamsha chupa yake ya hamira kali. Hamira ikishaamka hailali tena. Isiponywewa kabla ya adhuhuri ya kesho itakufa, na damu yake haitaotesha nyingine kwa muda mrefu. Chupa laini ilikuwa bado imelala.

Hidaya aliuliza kama ni lazima anywe ile iliyoamka.

"Mashine inashauri tu, uamuzi ni wako. Lakini nikuambie kweli, mama, mstari huu siuelewi. Mikono haianguki hivi. Ninakutazama ulivyokaa, naona mtu ambaye ameteremka kidogokidogo kwa muda mrefu. Kisha natazama ukuta, naona mtu aliyekuwa mzima jana. Mmoja wenu ananidanganya, na ukuta hauna sababu ya kunidanganya."

Hidaya alitazama mstari. Alijua mkono wake wa jana na wa leo ni mkono uleule. Alijua kwa vifungo vya gauni, ambavyo Zaina alikuwa akimfungia siku hizi huku akizungumza habari nyingine. Kilichobadilika leo kilikuwa kimoja tu. Sikudhani alikuwa Muheza, kwenye mazishi ya shangazi yake.

Na hapo mambo yakaanza kuja, moja baada ya jingine, bila kuitwa. Sikudhani akimwambia kila adhuhuri, nenda wewe kaswali kwanza, mimi nitafuata. Hidaya akiiacha subana yake juu ya glavu, kama kanuni ilivyotaka. Yeye akirudi, akiketi, akiutazama mshono wa kidole gumba aliouacha kwa aibu, na kuuona kumbe si mbaya. Kumbe umenyooka. Siku nyingine alicheka peke yake kwa furaha, na Sikudhani akamuuliza anacheka nini.

Alifungua mdomo kusema. Akaiona akilini meza ya watu wawili ikiwa na mtu mmoja, na mtu huyo si Sikudhani. Akaufunga.

Aliomba apewe chupa aende nayo nyumbani, akafikiri na mwanawe.

*

Zaina aliiweka chupa kwenye friji kati ya tui la nazi na mabaki ya maharage. Walipofungua mlango baadaye, ilikuwa imeanza kufanya mapovu madogo shingoni.

Zaina alikuwa na msimamo wake. Alisema daktari ni daktari, mashine ni mashine, na kama vyote viwili vimesema kali basi mama anywe kali, maana miaka mitano ya uzima ni miaka mitano. Kisha aliacha kubishana, akamletea kiti chenye mikono, kile ambacho ni rahisi kuinuka nacho, akakiweka karibu na mlango palipokuwa na upepo.

Sikudhani alifika jua likiwa bado halijazama, amevaa buibui la msibani, amebeba mfuko wa machungwa ya Muheza. Alikuwa amesikia njiani kuwa Hidaya ametolewa karakana na gari la wagonjwa, akapitiliza kwake. Alipomwona ameketi mzima, alishukuru kwa sauti, akajitupa mkekani, akaanza kusimulia msiba ili kumchangamsha. Alisema wakwe wamepika pilau limeungua hadi marehemu angeweza kuinuka kulalamika, na kwamba mjomba wao amelia kuliko wafiwa wote huku akiulizia nyama. Zaina alicheka. Hidaya pia alicheka, kwa sababu hakuna aliyejua kuchekesha kama Sikudhani. Kisha akamwomba Zaina akaangalie kama maji yanatoka uani, na Zaina akaelewa, akatoka.

Sikudhani alikuwa akimenya chungwa. Ganda lilishuka likiwa moja refu, halikatiki.

"Kidole gumba cha juzi," Hidaya alisema, "nilikishona mimi?"

"Si wewe. Nani mwingine?"

"Nilikianza mimi, najua. Kilichobaki ndani ya glavu ni cha nani?"

Kisu kilisimama. Ganda lilining'inia.

"Sikudhani, sikuulizi kwa ubaya."

"Tangu baada ya Ramadhani," Sikudhani alisema mwishowe. "Si vyote. Vidole gumba, na ile mishono ya katikati ya kiganja. Vingine ulishona mwenyewe, na ulishona vizuri." Alikuwa hatazami juu. "Bwana Mhina alikuwa ameanza kusimama nyuma yako. Mimi nilimwona, wewe hukumwona. Ningefanya nini, Mama Zaina? Nikutangaze? Nilikusitiri. Ungekuwa wewe, ungenisitiri hivyohivyo."

Hidaya alijua kuwa ni kweli. Angeivaa subana ya Sikudhani bila kufikiri mara mbili, angefumua na kushona upya, na angeinyamazia siri ile hadi kaburini. Ndivyo walivyolelewa. Mwenzio akichanikiwa na nguo njiani unamfunika kwa kanga yako, humwambii watu wanatazama.

"Ulinisitiri hata kwangu mimi mwenyewe," alisema. "Vifungo vinanishinda, nasema ni uzee. Mguu unaburuta, nasema ni viatu. Kwa nini? Kwa kuwa mshono umenyooka. Nilikuwa narudi kuswali, nauona, namshukuru Mungu. Nilimshukuru Mungu kwa mkono wako."

Sikudhani aliliweka chungwa chini.

Hidaya alimweleza yaliyobaki. Mstari uliolala, halafu ukaanguka kwa sababu Sikudhani alikwenda kuzika. Chupa iliyomo kwenye friji. Kwamba kama ugonjwa wake unakimbia kweli, kali ndiyo dawa, na akiiacha ife hatakuwa na kinga. Na kama unateremka polepole, kali itamla nusu ya miaka yake bure. Kwamba daktari anaweza kuona leo yuko wapi, ila hawezi kuona amefikaje, maana njia yote ina nyayo za watu wawili.

"Mwambie basi vipimo vimeharibika. Mashine huharibika kila siku."

"Atauliza vipi vimeharibika. Mimi sijui. Anayejua upi wangu na upi wako ni mtu mmoja."

Huko uani Zaina alikuwa akifungua na kufunga bomba bila haja, ili wasikie kuwa hasikilizi.

"Nikienda pale nikasema," Sikudhani alisema, "kesho sina subana. Mume nimemzika, watoto wako mbali. Asubuhi naamka nakwenda kukaa mbele yako. Hiyo ndiyo kazi yangu, Hidaya. Wanitoe pale, niende wapi?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu walipokuwa wasichana.

"Sikuombi," Hidaya alisema.

"Najua huniombi. Ndiyo maana nimekasirika."

Aliinuka, akajifunga buibui, akaaga bila kutaja kesho. Mlangoni alisimama, akarudi, akalichukua chungwa alilolimenya, akaligawa vipande, akaviweka kwenye sahani mahali ambapo mkono wa Hidaya ungefika bila kunyooshwa. Kisha akaondoka.

*

Asubuhi Hidaya alikwenda Bombo na chupa ndani ya mfuko wa barafu. Mapovu yalikuwa yamefika kwenye kizibo. Zaina alimshika mkono njia nzima na hakumwambia anywe wala asinywe.

Alikuwa ameamua kusema nusu. Alimwambia daktari kuwa mishono mingine kwenye vipimo vyake si yake. Hakutaja jina. Daktari Shelukindo alimsikiliza hadi mwisho, hakupandisha sauti, ila Hidaya aliona jinsi alivyoshika ukingo wa meza.

Daktari aliuliza ni mingapi. Hidaya alisema hajui. Aliuliza ni ya siku zipi. Alisema tangu baada ya Ramadhani, ila siku kwa siku hajui. Aliuliza aliyeishona ni nani, na Hidaya akatazama mapaja yake, ambako mkono wa kulia ulikuwa ukicheza peke yake kama kawaida yake ukikosa kazi.

"Mama, sikiliza. Nikiyafuta yote ya tangu Ramadhani, kwa miezi hii nabaki na leo peke yake. Leo inaniambia mahali, hainiambii mwendo. Nikikupa laini na ugonjwa unakimbia, nitakuwa nimekupa maji. Nikikupa kali na haukimbii, nitakuwa nimekunyang'anya miaka. Na nikichagua, sichagui tena." Akaitazama chupa. "Unamlinda mtu. Nakuelewa. Lakini unamlinda kwa mwili wako."

Hidaya alifikiri kusema kuwa aliitoa subana yeye mwenyewe, kwamba alimlazimisha mwenzake, kosa lote limwangukie yeye. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Akaona kuwa atakuwa anafanya kilekile, anafunika tena, na safari hii atamfunika macho msichana huyu aliyekimbiza gari kwa ajili yake. Akayameza.

"Siwezi kumtaja," alisema. "Na uongo sitakwambia. Basi nichagulie kwa haya uliyo nayo."

Daktari alikuwa hajajibu mlango ulipogongwa. Muuguzi alichungulia akasema kuna mama huku nje anasema yeye ndiye.

Sikudhani aliingia akiwa na buibui lilelile la jana, limekunjamana. Hakumtazama Hidaya. Alimsalimu daktari, akakataa kiti, kisha akakubali.

"Mimi ndiye niliyevaa subana yake," alisema. "Yeye hakujua. Andika hivyo kwanza, kabla ya mengine, kwamba hakujua."

Daktari alimweleza wazi kuwa ataandika kilichotokea na hataandika kingine, na kwamba nakala itakwenda karakana kama sheria inavyotaka. Sikudhani alisema aandike.

Kisha wakaanza kazi. Daktari alileta picha za mishono ukutani, mmoja baada ya mwingine, mikubwa kama kamba za meli. Hidaya alikuwa hajawahi kuiona kazi yao hivi. Sikudhani aliisogelea, akainamisha kichwa.

"Huu wake. Huu wake. Huu wangu. Huu wangu. Huu... huu alianza yeye nikamalizia, gawa hapa. Huu wake."

Alisita mara chache tu, na aliposita alisema hajui, na daktari akauacha pembeni. Kila aliposema wangu, mchoro ulififia. Kila aliposema wake, nukta moja iliwaka kwenye mstari mpya. Hidaya alitazama nukta zake zikijipanga. Alitamani ziende juu. Zilikwenda chini, lakini polepole, kwa mteremko wa mtu anayeshuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Mishono yake mwenyewe ilikuwa ikipungua kila mwezi, midogo, midogo zaidi, tangu Ramadhani na kabla yake. Mkono ulikuwa ukimponyoka kidogokidogo, naye hakujua. Machozi yalimtoka, na Zaina akamfuta kwa ncha ya kanga.

"Haukimbii," daktari alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Haujawahi kukimbia."

Aliichukua chupa kali mwenyewe, akaenda nayo kwenye sinki, akamtazama Hidaya. Hidaya akatikisa kichwa kukubali. Ikamiminwa, mapovu yakapanda kwenye kuta za sinki, yakashuka, na yote yakaisha. Hapakuwa na kurudi kwenye njia ile.

Ilibaki ile laini, na swali la lini. Daktari alisema kwa mstari huu wa kweli angemshauri aanze miezi mingi iliyopita, alipoanza kushindwa na vifungo. Hata hivyo bado angeweza kungoja kidogo akitaka, kwa fimbo na kwa mazoezi. Hakuna kipimo kitakachomwamulia. Akamuuliza ni kitu gani anachotaka kukifanya ambacho mikono yake inamkatalia.

Hidaya alifikiri kwamba atataja kushona. Kwa mshangao wake mwenyewe hakukutaja.

"Zaina anajifungua baada ya miezi miwili," alisema. "Nataka kumwogesha mtoto. Zile siku za mwanzo, akiwa laini, shingo haijakaza. Kwa mikono hii nitamwangusha."

"Mama," Zaina alisema, "ulisema unangoja mpaka awe na akili. Siku hizo hatazikumbuka."

"Mimi nitazikumbuka."

Daktari aliamuru chupa laini iamshwe. Wakangoja mchana kutwa kwenye benchi la nje, wanawake watatu, wakila mihogo ya kukaanga ambayo muuguzi aliwaletea kwa hiari yake. Sikudhani na Hidaya walikaa bega kwa bega. Simu ya Sikudhani iliita, jina la Bwana Mhina likatokea. Aliitazama hadi ikanyamaza, akasema kwa uchovu kuwa atampigia baadaye, sasa ana shughuli.

Alasiri dawa ilikuwa tayari. Daktari aliimimina kwenye kikombe, nyeupe, yenye harufu ya maandazi kabla hayajakaangwa, akampa Hidaya. Hidaya alikipokea kwa mkono wa kulia. Mkono ulikaa tuli kidogo, kisha ukaanza. Kikombe kikacheza, matone yakaruka kwenye kanga.

Mikono ya Sikudhani iliinuka yenyewe, yote miwili, kukidaka.

"Acha," Hidaya alisema.

Sikudhani aliirudisha mikono yake mapajani, akaushika mmoja kwa mwingine, akaibana hapo. Alitazama kikombe kikipanda polepole, kikimwagika, kikigonga meno, na alivumilia kutazama mpaka Hidaya alipomaliza.